Sura ya Sita: Taya Mfukoni mwa Profesa

Mtu anayeweza kutoka hapigi mlango kwa kiatu. Inspekta alilisema hilo mara ya kwanza akiwa amechuchumaa mbele ya chumba cha dawa alimokufa Profesa, akitazama alama nyeusi za soli upande wa ndani wa mlango. Alilirudia asubuhi iliyofuata alipokuwa akipanda ngazi za makumbusho na sajini wake, kwa sababu tangu jana kila mtu mle ndani alikuwa akimwimbia wimbo mmoja tu: ajali.

"Koki ya gesi iko nje, afande, na komeo liko nje," sajini alisema. "Wao wanadai Profesa alifungua koki mwenyewe kufukiza ngozi, akasahau, akaingia."

"Na mlango ulikutwa umerudishiwa tu, bila komeo. Angeusukuma kwa kidole ungefunguka. Mateke ya nini?"

"Kwa sababu komeo lilikuwa limefungwa."

"Halafu mtu akalifungua marehemu alipokwisha kunyamaza. Huyo mtu ndiye ninayemtaka."

Kikosini Inspekta walimwita Chujio, na si kwa sifa njema sana. Wenzake walisema ukimpa neno analichuja mpaka linakauka. Asubuhi hiyo alikuwa amebeba mfuko mdogo wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na taya la chini la mnyama, jeupe, refu kiasi cha kiganja, lenye meno yote. Daktari alilitoa katika mfuko wa koti la Profesa. Kitu kingine cha maana hakikupatikana.

Ghala la vielelezo lilikuwa ghorofa ya chini, chumba kirefu kisicho na dirisha, makabati ya chuma yamepangwa migongo kwa migongo, harufu ya naftalini ikiuma pua. Inspekta alipiga chafya mlangoni, akapiga nyingine ndani. Aliyewapokea alikuwa naibu wa Profesa, mwanamke wa makamo, mrefu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Kwa kuwa mkuu wake alikuwa mochwari, idara nzima sasa ilikuwa mikononi mwake.

"Poleni na msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa." Alijibu bila kutabasamu, akanyoosha mkono. "Nilione hilo taya."

Alivaa miwani, akaligeuza lile taya ndani ya plastiki mara moja tu.

"Jike, mzima wa umri. Kwa mpangilio wa hapa, ni bweha."

"Kwa mpangilio wa hapa?"

"Kila makumbusho na makabati yake, Inspekta."

"Nifundishe kama mtoto wa darasa la pili. Mimi najua mbwa, bweha, fisi na mbwa mwitu, na wote nawaogopa."

Sajini alicheka. Naibu alikwenda kwenye safu ya makabati akaanza kufungua, moja baada ya jingine, kwa mikono iliyozoea.

"Fisi mtoe kabisa. Ana sura ya mbwa, lakini ukifuata ukoo wake utamkuta upande wa paka. Waliobaki ni familia moja, ya mbwa. Tatizo ni kwamba sisi tunatumia jina moja kwa wanyama wawili. Mtu akikuambia ameona mbwa mwitu, muulize yupi. Yule wa madoadoa, mwenye masikio ya mviringo na vidole vinne mguu wa mbele? Huyo yuko peke yake katika jenasi yake. Au yule wa nchi za baridi, babu wa mbwa wako wa nyumbani? Huyo ndiye mbwa mwitu hasa, kabati la mwisho kule. Na hawa hapa ni bweha."

"Wote ndugu?"

"Watu walidhani hivyo. Mgongo mweusi na milia ni ndugu kweli, tena siku hizi wamepewa jenasi yao wenyewe. Lakini huyu wa tatu, wa rangi ya dhahabu, aliwekwa kwao kwa sababu ya umbo tu. Ni mwembamba, ana pua ndefu, anakula mizoga, basi watu wakasema bweha. Walipokuja kupima chembe za urithi, ikaonekana damu yake iko kwa mbwa mwitu. Si bweha na hajawahi kuwa bweha."

"Na mwenye taya hili ni huyo wa tatu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hamjamhamisha?"

"Profesa alitaka amhamishe mwenyewe siku ya wageni, mbele ya kamera. Kabla ya hapo ilikuwa marufuku kugusa." Alivuta droo ya bweha. Mafuvu yalilala kila moja katika shimo lake, lililokatwa kwenye sponji kwa umbo lake. Shimo moja lilikuwa tupu. "Mnaona. Fuvu lenyewe halipo."

Hakuonyesha mshangao. Inspekta alilitazama lile shimo, kisha akamtazama yeye.

"Nani mwingine ana ufunguo wa chumba cha dawa?"

"Profesa. Mimi. Fundi wa ngozi."

"Aliyesema mbele ya watu kwamba atamzika Profesa kwa mikono yake?"

"Fundi husema mengi," Naibu alijibu, akairudisha droo taratibu.

Fundi wa ngozi walimkuta katika karakana yake nyuma ya jengo, amesimama juu ya sufuria kubwa iliyokuwa ikichemka polepole. Ndani ya maji ya kijivu kilielea kichwa cha mbuzi. Alikuwa mzee mfupi, mabega mapana, shavu la kushoto limevimba kama ameficha limau.

"Msikae kwenye kile kiti," alisema. "Kina gundi. Nimempoteza mgeni mmoja hapo."

Inspekta alibaki amesimama. "Fundi, ulisema utamzika Profesa."

"Nilisema. Na sasa wamenipokonya hata hilo, kwao wana makaburi ya marumaru." Alikoroga sufuria kwa kijiko cha mti. "Nilimchukia, mwanangu. Usipoteze muda kunizungukazunguka. Nilikuwa nikiamka namchukia, nakunywa chai namchukia."

"Kwa nini?"

Fundi alionyesha kwa kidevu mfuko wa plastiki mkononi mwa Inspekta.

"Kwa sababu ya huyo. Aliyemkamata alikuwa kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa Profesa. Tulikuwa kambini, zaidi ya miaka ishirini sasa. Kijana alimtoa mtegoni, mnyama akamng'ata hapa, kwenye kidole gumba. Tukamwua yule mnyama. Kijana akampima usiku ule ule kwa taa, asubuhi akamwambia Profesa, mzee, huyu si bweha, huyu ni wa ukoo wa mbwa mwitu. Profesa alicheka mpaka akakohoa. Akamwita Daktari Mbwa Mwitu kambi nzima, mbele ya wapishi na wabeba mizigo."

"Na lile jeraha?"

"Ndiyo hapo sasa. Gari lilikuwa moja, na ufunguo alikuwa nao Profesa. Kijana aliomba apelekwe mjini akachomwe sindano. Profesa akasema mkwaruzo wa bweha haumzuii mtu kazi, tumalize mitego kwanza. Tulimaliza mitego." Kijiko kilisimama. "Tulipofunga kambi alikuwa tayari anaogopa maji. Unajua kichaa cha mbwa kinavyoua? Mimi ndiye niliyemshika mikono. Nilimfunga kwa kamba za hema, mwanangu, nikimwambia samahani."

Sajini alikuwa ameacha kuandika.

"Na mwaka huu ndio mkagombana?" Inspekta aliuliza.

"Wenye mashine zao wamesema kijana alikuwa sahihi. Basi Profesa akakumbuka kwamba tuna fuvu. Juu ya mfupa, kwa wino, kuna jina la aliyemkamata mnyama. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia nilikwangue niandike lake. Hivi hivi, kama mtu anayekutuma maji. Nikamwambia, mikono unayo, kwangua mwenyewe. Akaniambia mwezi ukiisha nitafute kazi kwingine."

"Ulimweleza nani haya?"

"Nani atamsikiliza mpika vichwa?"

"Sikuuliza nani atasikiliza. Nimeuliza ulimweleza nani."

Fundi alikigeuza kichwa cha mbuzi kwa kijiko, akakizamisha. "Sikumbuki."

"Yule kijana aliacha ndugu?"

"Mama. Ameshafariki."

"Na wengine?"

"Mimi nilimjua yeye."

Inspekta alisogea karibu na sufuria. Maji yalichemka. "Juzi alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na nani?"

"Na hawa." Alipunga mkono kuelekea mafuvu rafuni. "Waulize, hawana uongo. Niandike mimi, basi, mambo yaishe. Ufunguo ninao, chuki ninayo, dawa naijua kuliko wote. Mnataka nini zaidi?"

"Hujasema ulimuua."

"Andika unavyotaka."

"Shavu limekupata nini, mzee?" sajini aliuliza ghafla.

"Jino."

"Umeling'oa lini?"

"Siku hizi hizi," Fundi alisema, akawapa mgongo.

Sajini alitoka na simu yake. Inspekta alimkuta baadaye kwenye korido, mgongo ukutani, anamshukuru mtu upande wa pili.

"Kliniki ya meno, mtaa wa nyuma," alisema alipokata. "Juzi aliingia mara tu baada ya chakula cha mchana. Jino lilikatikia ndani, damu ikagoma kukata, wakamlaza kwenye kiti mpaka wanafunga. Muuguzi anamkumbuka vizuri, anasema alimtukana daktari kwa matusi ambayo hajawahi kuyasikia. Si yeye, afande. Hawezi kuwa yeye."

"Na angeweza kutuambia hivyo kwa neno moja tu."

"Ndiyo nashangaa. Mtu ana cha kumwokoa anakificha?"

"Anayekificha anataka tuendelee kumtazama yeye." Inspekta alipiga chafya, akafuta pua. "Twende tukalitafute fuvu."

"Limeshaibwa hilo. Shimo tumeliona tupu."

"Tumeoneshwa shimo moja katika droo moja."

Walimwomba Naibu funguo za makabati yote ya familia ya mbwa. Aliwapa, akarudi ofisini kwake, kioo tu kikiwatenganisha. Walianza mwanzo wa safu, sajini akivuta droo, Inspekta akiangalia kila fuvu lililokosa taya. Mafuvu ya jamii yenye masikio makubwa hayakufaa, yalikuwa madogo mno. Wa madoadoa walikuwa na taya nene, fupi. Mbwa wa nyumbani walikuwa wa kila namna, mmoja amepondeka kama aliyelaliwa na gari. Inspekta alilijaribisha taya kwa kila fuvu lenye mashaka, na kila mara lilicheza, halikukaa.

Walipofika kabati la mwisho sajini alikuwa amechoka. Droo ya mbwa mwitu wa nchi za baridi ilikuwa nzito. Mafuvu yake yalikuwa makubwa, yameletwa kwa kubadilishana na makumbusho ya mbali. Katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na shimo lolote, palikuwa na fuvu dogo jembamba. Lilikuwa limelazwa juu ya pamba safi iliyokunjwa, likaelekezwa upande mmoja na wenzake.

Inspekta aliliinua, akalileta taya chini yake. Vikashikana, meno ya juu yakapita nje ya meno ya chini kama mkasi. Juu ya paji la mfupa, kwa wino uliofifia, palikuwa na jina la mtu na namba. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Nieleze," alimwambia sajini kwa sauti ya chini. "Profesa aliingiaje chumba cha dawa?"

"Alilifuata fuvu. Mtu alilitoa kwenye droo akalitia mle, akamwambia lipo kule. Profesa akalichukua, mikono ikamjaa, taya akatia mfukoni. Mlango ukafungwa."

"Kisha?"

"Kisha muuaji akaingiza hewa, akavaa barakoa ya gesi, akatoa fuvu, ili sisi tusiulize Profesa alifuata nini mle ndani. Akalirudisha." Sajini aligeuka kulitazama kabati la bweha. "Lakini hakulirudisha. Shimo lake lilikuwa likimngoja. Angeliweka pale hata kipofu."

"Mgeni asiyejua kitu angelitia katika shimo lililo tupu. Fundi naye?"

"Fundi anarudia tu ya wengine: kijana alisema, wenye mashine wamesema. Hayo makabati hayamhusu, kazi yake inaishia kwenye sufuria. Na ana jino lake. Aliyetuambia kwa kinywa chake kwamba huyu si bweha ni mmoja tu." Aligeuka kutazama kioo cha ofisi. Naibu alikuwa amekaa wima mezani, anawatazama, na hakuyaondoa macho alipoonwa.

Inspekta alimwita kwa mkono. Alikuja bila haraka.

"Tumelipata," alimwambia. "Tumeshalipiga picha, kazi yetu kwalo imekwisha kwa leo. Tunalirudisha mahali pake."

Alirudi mpaka kwenye kabati la bweha, akavuta droo, akaliteremsha fuvu kuelekea lile shimo la sponji. Umbo lilikuwa lile lile, halikuzidi wala kupungua. Naibu alikuwa nyuma yake hatua chache.

"Hapana," alisema. "Si hapo."

"Shimo ni lake."

"Nimesema si hapo." Alimpokonya. Hakulivuta kwa nguvu, alilichukua kama mtu anavyomchukua mtoto kwa asiyejua kumbeba, kisha akasimama nalo kifuani. Sajini alisogea mlangoni.

Naibu ndiye aliyeanza.

"Ulijua nitasema."

"Nilijua uliyeliweka kule hukuweza kuliweka hapa. Ungelitia shimoni, ningekuwa bado namfukuza mzee mwenye jino bovu. Aliyekamata mnyama huyu ni nani kwako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja, baba mbalimbali, ndiyo maana majina hayafanani." Alikuwa akilipangusa lile fuvu kwa kidole gumba, pale penye wino. "Nilikuwa shule ya bweni. Nilijua ameng'atwa, amekufa. Nikasoma alichokisoma, nikaja kufanya kazi alipofanyia. Profesa alinisifu, Inspekta. Alinipandisha cheo. Nilikuwa nikimletea kahawa."

"Na habari ya gari?"

"Fundi alinieleza alipofukuzwa. Msimlaumu. Alikuwa analia, hakujua anasema na nani mpaka alipomaliza."

"Ukapanga."

"Nilitaka kwanza nimsikie mwenyewe. Nilimpigia simu nikamwambia fuvu limetiwa kwenye chumba cha dawa kimakosa, na mafundi wanakaribia kufukiza. Alikuja mbio, kamera zilikuwa zinakuja wiki hiyo. Nikafunga komeo. Koki sikuigusa bado. Nikamwambia mimi ni nani."

"Akasemaje?"

"Alisema tuzungumze. Akasema nitachukua nafasi yake, atastaafu. Nikamwambia sitaki kitu. Taja tu jina la kaka yangu, nafungua."

Sajini alikuwa ameganda mlangoni, pingu mkononi.

"Mtu yule alikuwa na majina ya wanyama elfu kichwani," Naibu aliendelea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo. "Kila panya alimjua kwa jenasi na spishi, na mtaalamu gani alimwelezea kwanza, na mwaka gani. Alianza kutaja. Akataja wanafunzi wake, mmoja baada ya mwingine, anajaribu tu, kama mtu anayejaribisha funguo mlangoni. Akataja hata waliokuja juzi. Halafu akasema, yule Daktari Mbwa Mwitu. Akafikiri amepata. Ndipo nilipofungua koki."

"Fuvu alilishika yeye, na jina limeandikwa juu yake."

"Alilishika mkononi. Hakulitazama."

Inspekta alikohoa. Harufu ya naftalini ilikuwa imemkaa kooni. "Taya hukuliona halipo?"

"Niliona. Nilijua liko mfukoni kwake. Sikuweza kumgusa. Kumwua niliweza, kumpapasa nikashindwa." Alilitazama fuvu, kisha akampa sajini kwa mikono miwili. "Na angelitaja, angetoka. Usiku ule ule angenifukuza kazi, na ningemchukia mpaka nife. Lakini angetoka. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya komeo muda wote."

Aliomba avue koti jeupe kwanza, akalikunja, akaliacha juu ya kiti. Kwenye korido Fundi alikuwa amesimama, aproni bado imelowa, shavu limezidi kuvimba.

"Niliwaambia ni mimi," alimlalamikia Naibu.

"Walijua ulikuwa kwa daktari, baba."

"Jino la bure lile. Lingengoja hata mwezi." Alimshika mkono juu ya pingu, akaung'ang'ania mpaka sajini alipomwondoa kwa upole.

Garini Inspekta alikaa mbele. Walikwisha kuvuka mataa ya kwanza sajini alipogeuka nusu kiti.

"Dada, mimi si hakimu. Lakini hujuti hata kidogo?"

Naibu alikuwa akitazama maduka yanayopita. Alifikiri sana kabla ya kujibu, kama mtu aliyeulizwa swali la kitaalamu.

"Tangu Fundi aliponieleza nilikuwa silali," alisema. "Nilikuwa nikifumba macho naona kamba za hema. Juzi nilifika nyumbani, nikala, nikalala fofofo mpaka asubuhi. Jana pia."

Sajini alirudi kutazama mbele. Inspekta aliteremsha kioo, hewa ikaingia.